Namba Moja Mgongoni mwa Betri

Shemeji yangu ana jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini halitumiki. Mtaa mzima unamwita Chaji. Hata mama yangu, aliyemkabidhi binti yake wa kwanza, humwita Chaji, na siku akiwa na hasira naye humwita "huyo wa chaji", kana kwamba wako wengi.

Kibanda chake kipo kwenye kona, katikati ya duka la dawa na fundi viatu. Ni cha mabati, kina dirisha moja lenye nondo, na ndani kuna ubao mpana uliopigwa misumari safu kwa safu. Kila msumari una namba. Hapo hutundikwa simu, tochi, redio na pawabenki, nyaya zikining'inia hadi kwenye soketi zilizo chini. Umeme wa kwetu hukatika bila kuaga na hurudi ukijisikia. Chaji ana paneli juu ya bati na betri mbili za lori chini ya meza, kwa hiyo wenzake wakiingia gizani, kwake ndiyo kwanza kazi inaanza. Hakuona aibu kulisema hilo. "Nyie laanini," alikuwa akituambia, "mimi nashukuru."

Zamani aliandika namba kwenye vikaratasi na kuvibandika kwa gundi. Siku moja vikaratasi viwili vilibanduka, simu mbili za aina moja zikabadilishana, na wenyewe wakashikana mashati pale dirishani mpaka nondo moja ikang'oka. Kuanzia hapo akaacha mchezo. Mteja mpya akija, Chaji hupasha moto chuma chake cha kulehemu, huilaza simu kifudifudi, na kuichoma mgongoni namba ya msumari wake. Namba ndogo, nadhifu, yenye mkia kidogo kama mwandiko wa mwalimu. Watu walilalamika mwanzoni, kisha wakaanza kuringia. Simu ya mtu ikiibiwa, kinachotazamwa kwanza ni mgongo. Polisi wa kituo chetu wenyewe, wakimkamata mwizi wa simu, humtuma mtu kwa Chaji kuuliza namba fulani ni ya nani.

Ndivyo alivyomchumbia dada yangu. Dada alikuwa msusi mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi, na alipompelekea simu mara ya kwanza, wateja wa kibanda walishapita sitini. Chaji akamchomea namba moja. Namba hiyo ilikuwa ya fundi viatu wa jirani, mteja wake wa kwanza kabisa, ambaye alikuta amehamishiwa msumari wa chini bila kuulizwa, na hajaacha kulalamika hadi leo. Dada alirudi nyumbani akatugeuzia simu tuone.

"Mwanaume wa watu anakuunguzia simu," mama akasema, "na wewe unakenua."

Alikenua mpaka akaolewa. Mama akapewa namba mbili, mimi tatu, na fundi viatu akazidi kushuka. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba ile alama haikuwa ujinga. Ilikuwa ulinzi, ilikuwa heshima, na kwa dada yangu ilikuwa mapenzi. Mimi mwenyewe nilikuwa nikinunua simu mpya sijisikii kuwa ni yangu mpaka ichomwe.

Ugonjwa wa dada tuliuona kwanza mdomoni. Mtu aliyekuwa akisuka kichwa kizima bila kunyamaza alianza kukata hadithi katikati. Anafika penye utamu, ananyamaza, anashika mgongo wa kiti, anavuta pumzi, halafu anaendelea. Wateja walidhani anawatia hamu. Daktari akasema ni vali ya moyo, imechakaa, damu inarudi nyuma na mapafu yanajaa maji. Hapa kwetu hakuna anayeifanya kazi hiyo. Ikapatikana hospitali nje ya nchi, safari ya ndege mbili, ambako daktari bingwa wa vali hupita kwa muda mfupi kisha huondoka. Dada alipewa siku yake. Akiikosa angerudi mwisho wa foleni, na daktari wetu alituita pembeni, mimi na Chaji, akatuambia wazi kwamba foleni hiyo hataimaliza.

Wakati huo alikuwa akiishi na mashine ya oksijeni. Si mtungi. Ni mashine ya ukubwa wa mkoba, inavuta hewa ya chumbani, inaichuja na kumpelekea puani kwa mrija. Nyumbani ilikaa kwenye soketi. Betri yake ya ndani ilitosha kwenda kliniki na kurudi, basi. Safari ya ndege ilitaka zaidi ya hapo, ndipo wateja wa kibanda na wanawake wa saluni wakachanga, zikanunuliwa pawabenki mbili nzito zenye waya wa kuingia kwenye mashine ile, na zenye nguvu isiyozidi kiasi kinachoruhusiwa ndani ya ndege. Muuzaji alimweleza Chaji masharti. Zisiwekwe kwenye mizigo inayokwenda tumboni mwa ndege, zibebwe mkononi. Kila moja ikae kwenye mfuko wake. Matundu yazibwe yasigusane na chuma. Na wakaguzi watataka kukiona kiwango cha nguvu. Chaji aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Kwetu sisi, mtu kumfundisha Chaji habari za betri ni kichekesho.

Nilikuwepo alipozifunga. Meza ya sebuleni ilikuwa imepanguswa, haina kitu, na dada amekaa kwenye kochi, mrija puani, miguu juu ya stuli kwa sababu ilishaanza kuvimba. Chaji alizichaji pawabenki mpaka taa zao zote zikawaka. Akaziba matundu kwa selotepu, akakunja waya wa kila moja, akatafuta mifuko ya plastiki inayoonyesha ndani ili mkaguzi asipate tabu ya kufungua. Alifanya kazi hiyo kwa upole ambao sikuwahi kumwona nao kibandani. Kisha akachomeka chuma cha kulehemu.

"Na hizo pia?" dada akauliza.

"Hizo hasa. Umesahau chaja tuliyoibiwa wodini? Huko tunakokwenda hatumjui mtu."

"Bandika plasta, Chaji. Andika na kalamu."

"Plasta inatoka."

"Hivi ukoo wenu wote mna vichwa vigumu, au wewe ulipewa na fungu la wenzako?"

Chaji akacheka, dada naye akacheka mpaka akakosa pumzi, ikabidi tunyamaze wote tumsubiri. Huwa nakumbuka zaidi ule ukimya kuliko kile kicheko.

Pawabenki zile zilikuwa na mifereji pande zote na taa kwa mbele. Sehemu pekee iliyokuwa bapa ni mgongoni, na mgongo wote ulikuwa umejaa maandishi madogo ya kijivu. Chaji akachoma hapo hapo. Namba moja, kubwa kuliko kawaida yake, na mkia wake. Plastiki ikafuka moshi na kututumka pembeni, na kwa kuwa hapendi kazi chafu akachukua msasa laini akasugua mgongo mzima mpaka ukawa sawasawa. Akafanya hivyo na ya pili. Kwake yale maandishi yalikuwa ya dukani, ya kumshawishi mnunuzi, na kitu kikishanunuliwa kinachotakiwa ni alama ya mwenyewe. Kiwango cha nguvu alikijua kwa kichwa. Mtu angemuuliza, angemtajia.

Laiti wangezuiwa hapa hapa kwetu. Tungelia, tungetukanana, kisha tungekimbia mjini kutafuta nyingine, wakaondoka na ndege ya kesho yake. Lakini mkaguzi wa uwanja wetu, baba mmoja wa makamo, aliigeuza pawabenki, akaiona ile namba, na uso ukamchanua.

"Hii si kazi ya Chaji wa kwenye kona?"

"Ndiye mimi."

Yule baba akatoa simu yake mfukoni akaigeuza. Mia na kumi na nane. Wakacheka, wakapeana mikono. "Pita, ndugu yangu. Mgonjwa apone, mrudi salama." Mtu huyo nimemlaani kuliko nilivyowahi kumlaani adui yangu yeyote. Alitenda wema, najua. Sina nguvu ya kumtendea haki kila mtu.

Yaliyofuata niliyapata kwa simu, mengine kwa dada, mengine kwa Chaji, na nimeyaunga mwenyewe.

Kwenye uwanja wa kubadilishia ndege, mbali na kwetu na mbali na walikokuwa wakienda, mizigo ya mkononi hukaguliwa upya. Mkaguzi wa huko alikuwa mwanamke kijana mwenye glavu. Alizitoa pawabenki kwenye mifuko yake, akaonyesha kidole gumba kusifu zilivyofungwa, akageuza ya kwanza. Akaigeuza tena. Akaisugua kwa kidole. Akauliza kitu, na Chaji, ambaye lugha ile anaijua kwa kubahatisha, akaelewa kwamba anaulizwa nguvu yake. Akaitaja. Mkaguzi akatikisa kichwa na kugonga mgongo wa pawabenki kwa kucha: imeandikwa wapi? Chaji naye akagonga pale pale, kwenye namba.

"Moja?" mkaguzi akauliza.

"Moja," Chaji akasema, akamwonyesha dada kwa mkono.

Dada aliniambia kwamba angekuwa na pumzi angecheka mpaka akae chini. Akaitwa mkubwa wa zamu, akaja na simu inayotafsiri, akaeleza taratibu. Betri ambayo kiwango chake hakisomeki haiingii ndani ya ndege. Iwe ya mgonjwa, iwe ya mzima, haiingii. Chaji akajieleza kwa mikono, akagusa kifua cha mkewe, akagusa mashine, akaonyesha ndege. Walimwelewa vizuri sana. Hakuna aliyewafokea, waliletewa kiti cha magurudumu na maji ya kunywa. Kisha pawabenki zikatumbukizwa kwenye pipa lililojaa za watu wengine, na Chaji akazisikia zikigonga chini.

Mashine yenyewe iliruhusiwa. Lakini shirika la ndege nalo lina lake: mgonjwa wa mashine lazima awe na betri za kumtosha safari nzima na nusu yake tena. Dada alikuwa amebaki na betri ya ndani peke yake, nayo ilishaanza kupiga kelele ya kuishiwa. Milango ya ndege ikafungwa wakiwa wanaiona kupitia kioo. Chaji akakisukuma kiti mbio akitafuta soketi, akaipata karibu na vyoo, chini ya tangazo la manukato. Akachomeka. Mashine ikatulia.

Hapo ndipo walipokaa. Dada hakuweza kwenda mbele kwa sababu hakuwa na betri, na kwa sababu hiyo hiyo hakuweza kurudi nyumbani. Aliweza kupumua, ndiyo, lakini mwisho wa uhuru wake ulikuwa pale waya ulipoishia.

"Mume wangu amenichomeka ukutani kama friji," aliniambia kwenye simu. "Mwambie mama nimefika nje ya nchi. Nje yenyewe ni ukuta na choo."

"Na Chaji anafanya nini?"

"Anazunguka. Kila akirudi ana wazo jipya. Namhurumia, maana mawazo yake yote ninayajua."

Duka la uwanjani lilikuwa na pawabenki nzuri, nyembamba, zinazong'aa, zote za simu. Hakuna iliyokuwa na tundu la mashine. Msafiri mmoja aliyekuwa akisubiri ndege karibu nao alipoona hali ile akatoa yake, kubwa, maandishi yake yote yakiwa safi mgongoni, akasema chukueni. Chaji akakata waya kwa kikata kucha, akaunga na ule wa mashine, akafunga kwa plasta ya kidonda aliyoiomba kwa wahudumu. Ikafanya kazi. Akaibeba mikononi mpaka kwenye kaunta ya shirika la ndege, anatabasamu, na mama wa kaunta akautazama ule waya uliofungwa plasta, akaziba mdomo kwa kiganja, akatikisa kichwa. Waya wa kuungaunga haupandi ndege. Chaji alirudi ukutani akaketi sakafuni, na dada anasema ilibidi amlazimishe kula.

Shirika lilikuwa na njia moja iliyobaki. Wangeweza kumpa oksijeni yao wenyewe ndani ya ndege, ila huombwa mapema, na daktari wao lazima aidhinishe, na ofisi ya daktari ilikuwa imefungwa kwa mapumziko ya mwisho wa wiki. Wakaomba hivyo hivyo. Hospitali walikokuwa wakienda ikajibu kwamba itamshikia dada nafasi mpaka siku ya mwisho ya yule bingwa, baada ya hapo hawana la kufanya. Kwa hiyo upenyo ulikuwepo, mwembamba, na sisi huku tuliushikilia kufa kupona. Mama alikuwa akiuliza habari kila nikipita mlangoni, hata nikiwa natoka kuoga.

Kuna jambo moja la siku hizo ambalo dada alilisimulia mwenyewe kwa furaha, kwa hiyo na mimi nalisimulia. Soketi ile ilikuwa na matundu mengi. Watu walikuja kuchomeka simu zao, wakasimama wakiwa wameinama, wakaona aibu mbele ya mgonjwa. Chaji akawasogezea. Bwana mmoja mwenye tai akataka kwenda kula, akaitazama simu yake, akamtazama Chaji, na Chaji akamwashiria: nenda, nipo. Baada ya hapo wakaanza kumwachia. Akazipanga sakafuni kwenye mstari, akachana karatasi ya chooni vipande vipande, akaandika namba kwa kalamu, kimoja chini ya simu na kingine mkononi mwa mwenye simu.

"Amefungua tawi," dada akaniambia. Nilimsikia akicheka, kisha nikaisikia mashine peke yake kwa muda mrefu. "Ameanzia namba mbili," akasema alipopata pumzi. "Moja hampi mtu."

Baada ya siku ile sauti yake ikabadilika. Miguu ilivimba kwa kukaa, viatu havikuingia tena, na hakuweza kulala chali bila kuhisi kama anazama. Alinipigia mara ya mwisho akiwa na akili zake timamu na ukali wake wote.

"Sikiliza," akasema. "Mama atamla mzima huyu."

"Nani?"

"Usijifanye mjinga. Atamla mzima. Wewe usimsaidie kutafuna."

"Dada, utakuja umzuie mwenyewe."

"Haya," akasema, kwa namna ambayo watu wazima huwaitikia watoto.

Daktari wa shirika la ndege alikuja ofisi zilipofunguliwa, amebeba kibali cha oksijeni kwenye bahasha. Upenyo wetu ulikuwa haujaziba. Alichuchumaa mbele ya kile kiti, akamtazama dada midomo, akabonyeza mguu, shimo la kidole likabaki pale pale bila kurudi. Kibali akakirudisha kwenye bahasha. Mgonjwa wa hali ile hapandishwi ndege na mtu yeyote, akasema, na akaita gari la wagonjwa. Wakampeleka hospitali ya mji ule, mji ambao hatukuwa tumewahi kuuwazia, na hospitali ile haikuwa na bingwa wa vali. Ilikuwa na kitanda, oksijeni ya ukutani na watu wa heshima waliojitahidi.

Chaji alinipigia nikiwa sokoni, nimeshika fungu la nyanya. Hakusalimia.

"Shemeji," akasema, "huku umeme haukatiki."

Nikaziba sikio la pili nimsikie.

"Nilikuwa nimekaa naye. Haukukatika hata mara moja. Mashine zote zilikuwa zinawaka, taa zake zote, nimeziangalia moja moja. Ni yeye, shemeji."

Sikumbuki nyanya zile niliziacha wapi. Nakumbuka nilimwambia sawa. Mtu anakuambia dada yako amekufa, unamjibu sawa, kama aliyekuambia atachelewa kurudi.

Alirudi na sanduku. Mama alimpokea dada, yeye hakumpokea. Kwenye mazishi alisimama upande wa pili wa kaburi, na watu waliokuwa na alama zake mfukoni, karibu mtaa mzima, hawakujua wamwendee au wamwendee mama, wengi wakaangalia udongo. Habari za pawabenki zilishaenea. Wapo waliosema kwa sauti kwamba amemuua mkewe kwa chuma cha kulehemu. Mimi sikusema, lakini sikuwanyamazisha.

Siku chache baada ya kuanua matanga, mama akaniita chumbani, akanipa simu yake.

"Mpelekee huyo wa chaji. Mwambie anitolee namba yake."

"Haitoki, mama. Imechomwa."

"Aliyeiweka ataitoa."

Nikaenda. Njiani nilijipangia maneno yangu mwenyewe, makali, nikayarudiarudia nisije nikayasahau. Kibanda kilikuwa wazi. Chuma cha kulehemu sikukiona mahali pake. Simu za wateja wapya zilikuwa na vipande vya plasta mgongoni vilivyoandikwa kwa kalamu, na vingine vilishaanza kubanduka kwa joto, na dirishani mwanamke mmoja alikuwa akigomba kwamba simu aliyopewa si yake. Chaji akamsikiliza mpaka akamaliza, akamtafutia, akamwomba radhi. Msumari wa kwanza ulikuwa mtupu. Fundi viatu alikuwa kimya kwenye benchi lake, na sikuwa nimewahi kumwona kimya.

Nikampa Chaji simu ya mama. Akaigeuza.

"Mama amesema..."

"Nimeelewa, shemeji."

Akachukua msasa, ule ule laini, akaketi, akaiweka simu juu ya paja na kuanza kusugua. Alisugua taratibu, kwa duara, na unga mweusi wa plastiki ukamwangukia kwenye suruali. Wateja walikuja, wakaona, wakaondoka bila kusema shida yao. Kila baada ya muda aliipuliza na kuielekeza kwenye mwanga. Rangi ya namba ilitoka, kisha ukingo wake, lakini kila alipoiinamisha, ile mbili ilikuwa bado inaonekana, na mkia wake.

"Imeingia ndani," akasema hatimaye. "Nikiendelea natoboa."

Akaifuta kwa shati lake akanipa. Nilijua mama ataipeleka dirishani, ataiinamisha kama yeye alivyoiinamisha, na ataiona. Na nilijua nitatumwa tena.

Kisha akanyoosha mkono, kiganja wazi, bila kunitazama usoni.

"Na yako?"

Simu yangu ilikuwa mkononi. Tatu, nadhifu. Maneno yangu yote niliyojipangia yalikuwepo, hata moja halikunipotea, na yote yalikuwa ya kweli. Sijamsamehe. Nalisema hili kwa sababu watu wakifika hapa hupenda kusikia kwamba nilimsamehe. Kila nikiuona ule msasa namwona anasugua mgongo wa zile pawabenki, kwa upole, anahakikisha kazi inatoka safi, na natamani kumshika mkono na kumuuma.

"Yangu iache," nikamwambia. "Imekwisha chaji. Itundike."

Aliipokea. Akautafuta msumari wa tatu, akakosa kuingiza kamba ya simu mara ya kwanza, akaingiza mara ya pili, akachomeka waya. Kitaa chekundu kikawaka. Nikaenda kukaa kwenye benchi la fundi viatu, naye akanisogezea nafasi, tukaisubiri ijae.